Mwongozo kamili: jinsi ya kufuatilia ukuaji wa mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 3

Maswali ni yale yale. "Wangu ana miezi 11 hatembei, na wa jirani ana 9 anatembea. Ana shida?" "Kilo 8 ni sawa?" "Ametimiza miaka 2 hasemi, lakini mama mkwe anasema hata babake alichelewa." Orodha za umri wa kukaa, kutambaa na kutembea zimejaa kila mahali. Wazazi wanazisoma, na bado wanabaki na hofu isiyo na msingi au, vibaya zaidi, utulivu usio na msingi.

Tatizo ni kwamba wanaangalia siku moja. Ukimtazama mtoto siku moja ni kama kuona matatu imesimama stejini: huwezi kujua kama inaingia mjini au inatoka. Ukuaji husomwa kwa mwendo. Mwezi jana alikuwa wapi, leo yuko wapi, na je, kuna jambo alilokuwa akilifanya ambalo ameliacha? Hatua zifuatazo zinaonyesha jinsi ya kuusoma mwendo huo, iwe unaishi Nairobi gorofa ya sita kule Pipeline au nyumba yenye bustani Karen.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kile unachopewa kliniki ukiwa mjamzito. Kila ukurasa unaoandikwa, upige picha kwa simu siku hiyo hiyo. Watu huhama nyumba, mvua huingia, mkoba huibwa kwenye gari.
- Daftari dogo la mistari miwili mitatu kwa mwezi.
- Mkeka au shuka nene la kutandika sakafuni.
- Vitu vya kawaida vya nyumbani: kikombe cha plastiki, kijiko, kitambaa, mpira mdogo, kitabu cha picha, na chupa yenye maharagwe ndani ya kutikisa. Kifuniko cha chupa kikazwe na kuzungushiwa utepe wa gundi, maana harage likiingia kooni ni hatari.
- Simu yenye nafasi ya video. Mtoto hufanya jambo la ajabu nyumbani, kisha akifika kwa daktari hulala fofofo.

Mizani ya nyumbani huihitaji. Woka (kile kiti cha magurudumu cha mtoto) pia huihitaji, na sababu zake utaziona kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Hesabu umri wa kweli

Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, toa wiki alizopungukiwa. Aliyezaliwa miezi 2 mapema, akifika miezi 8 mtazame kama wa miezi 6. Fanya hivyo mpaka atimize miaka 2.

Chanjo hazifuati hesabu hii. Zenyewe zinafuata tarehe ya kuzaliwa, hata kama mtoto ni mdogo kama kifurushi cha sukari. Wazazi wengi huchelewesha chanjo "mpaka apate nguvu", ilhali huyo ndiye anayezihitaji zaidi.

## Hatua ya 2: Pita salama wiki 6 za kwanza

Siku za mwanzo mtoto hupungua uzito, na inaweza kufika asilimia 10 ya uzito aliozaliwa nao. Usikimbilie kopo la maziwa. Anapaswa kurudia uzito wake wa kuzaliwa kufikia wiki ya 2 hivi. Kipimo rahisi cha nyumbani ni nepi: kuanzia siku ya 5, zilizoloa mkojo ziwe 6 au zaidi kwa siku.

Atalala saa 14 hadi 17 kwa siku, vipande vipande. Mlaze chali, kwenye kitu kigumu kidogo, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso.

Angalia rangi. Mpeleke karibu na dirisha mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, achilia, utazame rangi inayobaki. Balbu ya manjano itakudanganya. Umanjano unaotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au unaofika viganjani na nyayoni, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Usimwanike juani ukisubiri upungue. Tiba ni taa maalum za hospitali. Umanjano mkali ukiachwa unaweza kuharibu ubongo na kumwacha mtoto kiziwi au na mtindio wa ubongo.

Maji, glukosi, dawa ya tumbo, vyote hapana. Maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Kitovu kisipakwe majivu wala mate.

Na wewe mama: huzuni ya siku chache baada ya kujifungua ni ya kawaida. Ikipita wiki 2 na bado unalia, huli, au humtaki mtoto, mwambie nesi waziwazi. Hilo ni jambo la kliniki kama lilivyo kidonda.

Utajua mambo yanaenda vizuri kama kati ya wiki ya 6 na ya 8 anakutazama usoni na kukuchekea. Kicheko cha usingizini hakihesabiki. Tunataka kile kinachokujibu wewe. Akifika miezi 3 hajakuchekea, mwonyeshe daktari.

## Hatua ya 3: Soma mstari wa uzito

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole.

Kliniki nyingi mambo huenda hivi. Mtoto anavuliwa, anaingizwa kwenye ile suruali ya mizani inayoning'inia, anapiga kelele, mshale wa mizani unatulia, nesi anaandika namba, mama anavuta kijitabu na kukimbilia foleni ya chanjo. Namba ipo, lakini grafu haikuguswa. Bila nukta kwenye grafu hakuna mstari, na bila mstari ile namba haisemi kitu.

Sema hivi kwa adabu: "Sista, naomba uniwekee nukta kwenye grafu tuone mstari." Kama foleni ni ndefu, weka mwenyewe ukifika nyumbani. Chini ya grafu kuna miezi, kandoni kuna kilo. Fuata mwezi kwenda juu, fuata kilo kwenda kando, weka alama zinapokutana. Hakikisha ni ukurasa sahihi, maana wavulana na wasichana wana grafu tofauti.

Sasa tazama watoto wawili wa kubuni.

Kamau ana kilo 7.9 akiwa na miezi 6. Hiyo ni katikati kabisa ya grafu, shavu tele, majirani wanamsifu. Mwezi wa 7 ana 8.0. Mwezi wa 8 ana 8.0.

Achieng ana kilo 6.0 akiwa na miezi 6. Yuko chini, karibu na mstari wa onyo, na shangazi yake ameshaanza kuuliza kama mtoto analishwa. Mwezi wa 7 ana 6.4. Mwezi wa 8 ana 6.7.

Mwenye shida ni Kamau. Mstari wake umelala ilhali ile ya grafu inapanda. Achieng ni mdogo, lakini anapanda sambamba na grafu, mwezi kwa mwezi. Mtu akiwatazama kwa macho tu atampeleka hospitali yule asiyehitaji.

Mistari hiyo inatokana na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotengenezwa kwa kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri walikua karibu sawa. Kwa hiyo ile kauli ya "sisi kwetu ni watu wadogo" isitumike kumfunika mtoto anayedumaa.

Kwa kukadiria, mtoto huzidisha uzito wa kuzaliwa mara 2 akiwa na miezi 5 hadi 6, na mara 3 akitimiza mwaka. Urefu huongezeka kama sentimita 25 mwaka wa kwanza. Omba apimwe urefu pia, amelazwa, kwa sababu kudumaa hakuonekani kwenye mizani.

Kuanzia miezi 6 kuna utepe wa mkono wenye rangi, ambao wahudumu wa afya wa kijamii hutembea nao mitaani. Juu ya sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, na mtoto anahitaji kuonwa na mtaalamu wa lishe. Chini ya 11.5 ni nyekundu: matibabu, leo.

Cha kufanya mstari ukilala. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, usingoje mwezi mwingine. Rudi wamtazame anavyonyonya. Kwa mkubwa aliyekuwa na homa au kuhara, mwongezee mlo mmoja kwa siku wiki 2 zinazofuata, kisha apimwe tena. Ukilala miezi 2 mfululizo, muulizie mtaalamu wa lishe wa kituo.

Onyo: apimwe bila nguo wala nepi, na ikiwezekana kwenye mizani ile ile. Sweta la baridi ya Julai linaweza kukuletea "ongezeko" ambalo halipo.

## Hatua ya 4: Dakika 10 mkekani kila mwezi

Chagua tarehe, mathalani ile aliyozaliwa. Mtoto awe ameshiba na hana usingizi. Tandika mkeka, zima televisheni, mvue soksi, ukae naye chini.

Umri wa kawaida wa kila jambo ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Hivi ndivyo watoto wenye afya walivyoonekana kwenye utafiti wa viwango vile vile vya Shirika la Afya Duniani:

- Kukaa bila kushikiliwa: karibu miezi 4 hadi 9
- Kusimama akijishikilia: karibu miezi 5 hadi 11
- Kutambaa kwa mikono na magoti: miezi 5 hadi 13 na nusu
- Kutembea akishikiliwa: miezi 6 hadi karibu 14
- Kusimama dede: miezi 7 hadi 17
- Kutembea peke yake: miezi 8 hadi 17 na nusu

Wa miezi 11 asiyetembea na wa jirani wa miezi 9 anayetembea wote wamo. Tena karibu watoto 4 kati ya 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walisota kwa makalio au walivuka moja kwa moja wakasimama.

Kinachofaa kukushtua si kuchelewa peke yake. Tazama haya:

Shingo. Kwa miezi 4 kichwa kisianguke nyuma ukimkalisha. Mlaze kifudifudi akiwa macho, mara kadhaa kwa siku hadi zitimie dakika 30 au zaidi, hata kama analalamika. Hapo ndipo shingo na mgongo vinapojengeka.

Pande mbili. Mkono wa kulia na wa kushoto vifanye kazi sawa. Mtoto wa miezi 7 anayetumia mkono mmoja tu hajaonyesha kwamba atakuwa wa kushoto. Huenda mkono wa pili ni dhaifu. Kabla ya mwaka mmoja, upendeleo wa mkono ni sababu ya kumwona daktari.

Ulegevu au ukakamavu. Ukimshika kwapani akateleza kama samaki, au miguu ikapishana kama mkasi na kukaza, andika na upige video.

Vidole. Miezi 4 hadi 5 anashika kijiko. Karibu miezi 6 au 7 anakihamisha mkono hadi mkono. Kati ya miezi 9 na 12 anaokota punje ya wali kwa kidole gumba na cha shahada. Ukimwona akichokora makombo chini ya meza kwa vidole viwili, furahi, kisha fagia.

Macho. Makengeza yakiendelea baada ya miezi 4 yapimwe. Na ukipiga picha kwa mwanga wa simu ukaona mboni moja inang'aa nyeupe, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa inatibika.

Kuhusu woka: haiharakishi kutembea. Mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, hajifunzi kuanguka na kujisawazisha. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha, hasa ya kuanguka ngazini. Hebu fikiria ngazi za ploti zetu zisizo na geti. Beseni lililozungushiwa leso ni sawa kwa dakika chache unapofua, ila kazi yenyewe iko mkekani.

Kuna jambo moja la mji huu. Magorofa yamebanana hadi mtoto anaweza kumaliza wiki bila jua kumgusa. Mtoto asiyepata jua wala kalsiamu ya kutosha hupata matege: mifupa laini, miguu kupinda, viungo vya mikono kuvimba, kuchelewa kutembea. Mpandishe juu ya gorofa, penye kamba za nguo, au mshushe nje kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi. Akiwa tayari amepinda, jua peke yake halitoshi, anahitaji dawa.

Umefaulu hatua hii kama daftari lako kila mwezi lina angalau jambo moja jipya, hata dogo: "amegeuka mwenyewe", "amevuta kitambaa usoni".

## Hatua ya 5: Chakula na meno, miezi 6 kuendelea

Akifika miezi 6, maziwa peke yake hayatoshi, hasa kwa madini ya chuma. Anza na mlo mara 2 hadi 3 kwa siku, akifika miezi 9 iwe 3 hadi 4 pamoja na kitu kidogo katikati. Endelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.

Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Mwembamba hujaza tumbo kwa maji. Na ule unga wa vitu kumi, wenye mtama, njugu, soya, omena na kila kilichokuwa sokoni, siupendi. Ukimdhuru tumbo hutajua ni kipi, na njugu au mahindi yaliyoota ukungu hufichika humo na sumu ya aflatoksini. Pika uji wa nafaka moja au mbili, kisha mpe yai, maharagwe yaliyopondwa, maini au omena pembeni.

Chai hapana, hata ya rangi. Huzuia chuma kufyonzwa. Asali isubiri mwaka 1. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu, vilevile.

Jino la kwanza huja karibu mwezi wa 6, ingawa wengine hungoja hadi mwaka. Kufikia miaka 3 yapo 20. Meno huleta ute na kero. Hayaleti homa kali wala kuhara. Ukiyasingizia, utamkosesha mtoto matibabu. Na mtu akikuambia kwamba ana "meno ya plastiki" yanayofaa kung'olewa, ondoka hapo na mtoto wako. Kinachotolewa ni mbegu za meno yake halisi, kwa chuma ambacho huenda kina vijidudu.

## Hatua ya 6: Usiiache kliniki miezi 9

Ratiba ya Kenya kwa kifupi ni hii: kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, miezi 6 kwa vitamini A, miezi 9 kwa surua na rubela, mwaka 1 kwa vitamini A tena na dawa ya minyoo, halafu miezi 18 kwa surua na rubela ya pili. Vitamini na minyoo huendelea kila baada ya miezi 6 hadi miaka 5. Katika vituo vya umma chanjo hizi ni bure.

Wengi huishia miezi 9, wakiamini wamemaliza. Sindano ya kwanza ya surua huacha karibu watoto 15 kati ya 100 bila kinga; ya pili ndiyo huwafikia hao. Tena ukiacha kwenda, mizani imekatika hapo hapo ambapo mtoto anaanza kula chakula cha wote na kuumwa na kila kitu. Weka miezi 18 kwenye kalenda ya simu leo.

Kipindi hicho hicho anaanza kufika kila pembe. Kabla hajatambaa, keti sakafuni utazame nyumba kwa kimo chake. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Jiko lipande juu au lizungushiwe. Beseni na ndoo za maji zifunikwe, maana maji ya kina kifupi yanatosha kumzamisha. Vyuma vya veranda, pima kama kichwa kinapita.

## Hatua ya 7: Sikiliza lugha

Wazazi huhesabu maneno na kusahau yanayotangulia maneno. Mfuatano wenyewe:

Miezi 3 hadi 4: anatoa sauti akikujibu. Miezi 6 hadi 9: anabwabwaja, ba-ba-ba, da-da-da, na kugeuka akisikia jina lake. Mwaka 1: anaonyesha kwa kidole, anapunga mkono, anaelewa "hapana" hata kama hatii. Miezi 12 hadi 18: maneno ya kwanza. Miaka 2: maneno kama 50, na anaunganisha mawili: "taka maji", "baba enda". Miaka 3: sentensi fupi ambazo hata mgeni anazielewa kwa sehemu kubwa.

Kidole kina uzito kuliko watu wanavyokipa. Mtoto akionyesha ndege kisha akageuka kukutazama kama nawe umeiona, anataka mshirikiane kitu kimoja. Huo ndio msingi wa mazungumzo. Asiyeonyesha wala kuitika jina akiwa na mwaka na miezi kadhaa apimwe masikio, na achunguzwe usonji.

Pima hivi: simama nyuma yake, asikuone, uite jina kwa sauti ya kawaida. Tikisa chupa upande mmoja, kisha mwingine. Usipige mlango kwa kishindo. Kiziwi naye huuhisi mtikisiko. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara yatibiwe, kwani ni chanzo cha usemi kuchelewa.

Nyumba ya Nairobi ina Kiswahili, Kiingereza, Sheng, na Kikamba cha nyanya anayepiga simu Jumapili. Lugha nyingi hazichelewishi mtoto. Hesabu maneno yote kwa pamoja: akisema "maji" kwa lugha moja na "paka" kwa nyingine, hayo ni mawili. Mtu asikulazimishe kuacha lugha ya mama yako ili mtoto "asichanganyikiwe".

Kinachopunguza maneno ni skrini. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka asitazame skrini kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Simu haimngoji mtoto ajibu. Wewe unaweza: sema neno, nyamaza, hesabu hadi tano kimoyomoyo, mwache ajaribu.

Onyo: kukata kilimi au "kufungua ulimi" hakumfanyi mtoto aanze kusema. Wembe unaleta damu na maambukizi, na miezi inapotea.

## Hatua ya 8: Mwaka wa 2 na wa 3

Hamu ya kula itapungua, na wazazi wataingiwa na hofu. Mtoto aliyeongeza kilo 6 mwaka wa kwanza huongeza 2 na kitu tu mwaka wa pili, hivyo tumbo linafuata. Rudi kwenye grafu. Mstari ukipanda, usimshike pua kumlisha.

Hasira za kujitupa chini huanza karibu mwaka na nusu. Anajua anachotaka, maneno hana. Mtoe penye hatari, kaa karibu, usihutubie. Akitulia mpe jina la alichohisi: "Umekasirika, ulitaka mpira."

Choo: ishara za utayari huja kati ya miezi 18 na miaka 3. Anakaa mkavu saa 2, anakujulisha, anaweza kuvuta suruali. Kumwanzisha kabla ya hapo ni kujifundisha wewe mbio.

Kufikia miaka 2 anakimbia, anapiga mpira teke, anajifanya anapika au anapiga simu. Mchezo wa kuigiza una maana sawa na maneno. Asiyeigiza kabisa, mtaje kwa daktari.

## Hatua ya 9: Mpe maelezo anayeshinda naye

Likizo ya uzazi kwa sheria ya Kenya ni miezi 3. Baada ya hapo macho yanayomwona mtoto mchana ni ya dada wa kazi, nyanya au mama wa deikea. Usimuulize "Ameshindaje?" Utajibiwa "Poa." Uliza: amekula nini na mara ngapi? Amekojoa mara ngapi? Amelala saa ngapi? Leo amecheza na nini?

Mwambie pia kwamba akikuletea habari mbaya hatagombezwa. Dada anayeogopa kufokewa ndiye anayeficha kwamba mtoto alianguka kitandani.

Mtembelee deikea saa usiyotarajiwa. Watoto waliokaa kimya mno wote kwa pamoja, chumba kizima, ni jambo la kuulizia.

## Hatua ya 10: Ukiona shida

Hospitali sasa hivi, hata usiku: degedege, hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amelegea, haamki vizuri, kifua kinabonyea akivuta pumzi. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi 2, 50 hadi afike mwaka, 40 baada ya hapo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa wa chini ya miezi 3 ni dharura peke yake.

Wiki hii: jambo lolote alilolijua likapotea, katika umri wowote. Alikuwa akisema "mama" ameacha, alikuwa akikaa sasa anaanguka. Hili halina "atakua tu".

Mwezi huu: amepita mwisho wa umri kwenye hatua ya 4, au mambo ya hatua ya 7 hayajaonekana.

Anza kliniki yako, uombe barua ya rufaa. Hospitali kubwa kama Kenyatta huwa na madaktari wa watoto, wa tiba ya viungo na wa usemi. Taasisi ya KISE kule Kasarani hupima watoto wenye mahitaji maalum, na Wizara ya Elimu ina vituo vya kazi hiyo vinavyoitwa EARC. Ulizia kilicho karibu nawe.

Ukiingia kwa daktari, anza na ulichokiona: "Daktari, ana miezi 15. Haonyeshi kwa kidole, hageuki nikimwita. Hii hapa video ya juzi, na hili daftari." Mzazi anayesema "sijui, anakaa tofauti" hurudishwa nyumbani mapema.

Ukiambiwa umpe muda, kubali, lakini uliza maswali mawili: nimpe muda gani, na nikiona nini nirudi kabla ya hapo? Omba majibu yaandikwe kwenye kijitabu, yenye tarehe.